Waya wa Taa ya Matanga

Kisangani, Ijumaa, baada ya sala

Mama yangu,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, ya zile siku zote ambazo simu ilikataa kushika. Kifua kimekuachia? Na goti je, bado linakupa taabu ukiinuka kwenye mswala? Dada Tausi, wewe unayemsomea mama, soma taratibu. Ukifika mahali pa kulia, weka karatasi chini, kunywa maji, kisha endelea. Usiruke. Nakujua kwa kuruka.

Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, kazini naenda. Ila moyo, mama, usiuulize. Nilipokupigia kukwambia Papa Losala ametutoka, ulisema, "Yule wa mashavu?" ukaangua kilio, nami nikaangua changu, tukalia mpaka salio likaisha bila mtu kusema neno la maana. Baadaye ukamtuma Tausi: mwambie aniandikie, nataka kujua yule baba alikufaje. Haya, nakuandikia. Barua anakuja nayo Bi Sakina muuza vitenge, kwa njia zake anazozijua mwenyewe. Akifika mpe chai, na umkaribishe apumzike, safari si mchezo.

Wewe hukumwona Papa Losala kwa macho, ulimjua kwa sauti tu. Nikiwa naongea nawe, yeye hunipokonya simu. "Mama! Mutoto yako iko muzima! Anakula pondu, kisamvu yenu, sasa anapata mashavu!" Ukicheka Kiswahili chake, naye anacheka chetu, anasema sisi watu wa Ujiji tunaongea kama tunasoma kitabu. Nilipokuja huku na wale wa kufunga mashine za kiwanda cha sabuni, wenzangu walirudi, mimi nikabaki, sina ndugu wala jamaa. Yeye, fundi umeme wa kiwanda, ndiye aliyenichukua kwake, kambi ya wafanyakazi, ukuta kwa ukuta na kiwanda. Mkewe, Mama Godé, alitenga sufuria moja isiyopikiwa nyama ya porini wala nguruwe. Watoto wakaiita sufuria ya Issa. Nani atakufanyia hivyo ugenini, mama, wakati hata dini si moja?

Sasa ili uelewe alivyokufa, lazima ukumbuke ile siku ulipomuuliza, "Hivi mwanangu huko anafanya kazi gani hasa?" Alifurahi huyo! Alikaa chini kabisa kukueleza. Kiwandani tuna tanki la soda kali, ile ya kupikia sabuni na mawese, refu kama nyumba, na soda yenyewe ya moto. Hakuna anayepanda juu kuchungulia. Juu kuna kifaa, na kutoka kwenye kifaa zinashuka nyaya mbili nyembamba, zinapenya ukutani, zinakwenda mpaka chumba cha pampu, na kuzitunza ndiyo kazi yetu. Ndani yake unapita umeme mdogo sana. Tanki likijaa, umeme huo ni ishirini. Likiwa tupu, ni nne.

Ukamuuliza, "Kwa nini nne? Tupu si sifuri?"

"Aah, mama! Swali ya akili hiyo. Nne iko mutu anasema: niko hapa, sina kitu. Sifuri, mama, iko maiti. Waya imekatika, hakuna mutu tena."

Wewe ukasema, "Basi mwambie Issa awe ananitumia hiyo nne, maana akikosa hela hapigi simu kabisa, nakaa nadhani amekufa." Alicheka mpaka akashika ukuta. Na tangu siku ile kila asubuhi nakubip, hupokei, basi umejua mwanao yupo. Papa Losala asiponiona nabip, alikuwa ananigombeza mbele za watu: "Ulituma nne ya mama? Bado? Alors unangoja nini?"

Hizo nyaya mbili, mama, ni dhaifu. Umeme wa kawaida, huu wa taa na pasi, ukizigusa, unaunguza kila kitu mpaka mwisho wa njia. Ndiyo maana zina fyuzi, na zina vidude ambavyo huku wanaviita parafudri: umeme mkali ukiingia, vyenyewe vinajitoa kafara, vinaupeleka ardhini. Na zina bomba lao peke yao ndani ya ule ukuta wa kiwanda na kambi, lenye mdomo mmoja unaotokea kambini. Bomba hilo Papa Losala alilichunga kama mtu anavyochunga binti. Mwashi mmoja aliwahi kupitisha humo kamba yake ya kupimia, masikini, alitimuliwa mpaka getini. "Mu hii bomba hakupite hata uzi ya kushona! Courant haina rafiki!" Courant ndiyo umeme, mama.

Lakini masika haya radi ilitupiga vibaya. Parafudri zikafa moja baada ya nyingine, kazi yao ndiyo hiyo, kufa. Tukaomba mpya. Tukaomba tena. Mkurugenzi anasema, "Zinakuja, patience." Hiyo patience, subira yake, ndiyo tuliyokuwa tunalilinda nayo tanki la soda! Ikabaki fyuzi, na fyuzi ni kama mlinzi mzee, anaamka mwizi akiwa keshavuka barabara. Nyaya zetu zikawa uchi. Papa Losala alisema, bon, alimradi hakuna kitu kinachozigusa, zitavumilia.

Ndipo akafa mama yake Mama Godé.

Mama Godé ndiye mtoto mkubwa, basi matanga yakawekwa kwake. Turubai likafungwa uani, viti vikaletwa, wakwe wakapanda baleinière, mashua ya mtoni, kutoka Yanonge, wajomba kwa shangazi, na makaa na kwanga, ile mikate ya mihogo, na vilio vyao. Na wiki hiyo mji mzima hauna umeme. Kiwandani jenereta inanguruma, taa zinawaka, na hapa nyuma ya ukuta wafiwa wamekaa gizani. Mimi nilikuwa nimelala na malaria, nayasikia yote kwa mbali. Mjomba mmoja wa Mama Godé akasema kwa sauti, makusudi kila mtu asikie: "Bokilo yetu iko fundi ya courant, na mama yetu analiliwa mu giza?"

Bokilo ni mkwe, mama. Na mkwe huku si mtu wa kukataa kitu. Mbele ya ukoo wa mke unainama, unaombwa unatoa, na msibani ndiyo kabisa. Ukishindwa hapo, utasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Wewe mwenyewe unajua, kwetu Ujiji mkwe aliyekosekana kwenye maziko anasutwa mpaka leo. Basi yule bwana, aliyekataza hata uzi wa kushona, akachukua waya mrefu toka kwenye jenereta ya kiwanda, akaunga kipande na kipande, kiungo akakifunga kwa plastiki maana utepe ulikwisha, akaupitisha kwenye lile bomba. Tundu lingine la kutoka kiwandani kuja kambini hakuna. Taa ikawaka uani. Shangazi wakapiga vigelegele katikati ya kilio. Niliuona mwanga dirishani kwangu nikadhani umeme wa mji umerudi, nikageuka nikalala. Ningejua, Wallahi ningetambaa.

Siku mbili haikutokea kitu. Ya tatu, mchana, mvua ikanyesha ile ya huku, inayomwagika kama imekasirishwa. Maji yakaingia kwenye bomba, plastiki ikaachia, umeme wa taa ukashika nyaya zetu.

Aliyekuwa kwenye pampu ni Papa Abedi. Huyu nimekutajia, wa wale Waislamu wa siku nyingi wa commune, yaani kata, inayoitwa Kisangani kama mji wenyewe, ambao babu zao walifuata misafara kutoka huko kwetu. Ndiye ninayesali naye Ijumaa. Anasukuma soda kupanda tankini, anatazama namba, namba inasema nusu. Anaendelea. Nusu. Kumbe kadi inayosoma ule umeme mdogo imekwisha kuungua, namba imeganda palepale mvua ilipoanza. Haikusema ishirini, haikusema sifuri, ilisema uongo tu. Mtu angejuaje?

Papa Losala alikuwa na ruhusa ya msiba, hakutakiwa kazini. Lakini mvua ile ilimtoa matangani. Sasa najua kwa nini, alikumbuka kile kiungo chake. Mimi nilikuwa nimeanza kupata nguvu, nimekaa karakana, nikamwona anapita mbio na nguo zake za msiba zimelowa. Akaingia kwa Abedi. "Hii namba imekaa hapa tangu saa ngapi?" Abedi akasema, "Tangu mvua." Mama, nilisikia ukelele wake mpaka karakana: "Pampu inasukuma na namba inanyamaza? Zima! Zima!"

Abedi akazima, lakini pampu ile husimama polepole, na tanki lilikwisha kujaa mpaka mdomoni. Na chini ya tanki kuna kibaraza ambapo akina mama wa kufunga sabuni wanajikinga mvua na kula. Papa Losala hakusimama hata kidogo, akatoka anakimbilia huko, anapiga kelele kwa Kilingala, kwa Kiswahili, watoke, watoke! Wakatoka. Wote walitoka, mama, nimewahesabu mwenyewe kwa macho yangu nikilia. Yeye alikuwa wa mwisho, anamsukuma bibi mmoja mnene aliyerudi kuchukua bakuli lake. Soda ikafurika juu, ikashuka.

Sitaandika mwili wake ulivyokuwa. Tausi, hata ukiniuliza kwenye simu sitasema.

Hospitalini aliishi mpaka kesho yake. Nilikaa naye. Aliniita mara moja tu, akasema, "Issa. Toa taa ya mama." Nikadhani ni homa, anamwota mama mkwe. Nikamjibu, "Nitaitoa, papa." Akafumba macho. Inna lillahi, hata kama hakuwa wa dini yetu nilisema hivyo hivyo, sikuwa na maneno mengine.

Niliporudi kiwandani nikaenda moja kwa moja kwenye bomba. Nikakuta waya. Kiungo nilikijua, maana namna ile ya kuzungusha waya nilifundishwa na mikono hiyo hiyo yake. Nikakaa chini kwenye matope.

Na wakati huo huo, mama, Papa Abedi wamemchukua. Mkurugenzi amesema pampu ililaliwa usingizi, mtu amekufa kwa uzembe wa mwendesha pampu, mahabusu. Mkewe anakuja getini asubuhi amejifunika ushungi, anasimama tu. Mimi naujua ukweli, uko mkononi mwangu una matope. Lakini sheria ya kambi naijua pia: aliyekufa kwa ajali ya kazi, mjane wake anabaki na nyumba mpaka watoto wamalize shule. Aliyejiletea mwenyewe, jamaa zake wanatoka. Nikinyamaza, Abedi anaozea ndani. Nikisema, namtoa Mama Godé nje na watoto, yeye aliyenitengea sufuria. Wewe ungefanyaje? Nilitamani uwe karibu nikuulize, nikakosa hata nguvu ya kupiga.

Nikaona, mwenye msiba ndiye mwenye haki ya kwanza. Nikaenda kwake. Alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimenyolewa, kwa misiba miwili sasa, wa mama na wa mume, turubai ni lile lile. Taa alikwisha kukataa. Alisema asiione tena uani kwake, watu walikaa na vibatari. Nikawaomba shangazi watupishe, nikamweleza yote.

Akanyoosha pembe ya mkeka kwa kiganja. Kisha akasema:

"Alikataa, Issa. Mara ya kwanza alikataa. Akaniambia, Godé, mu hii bomba hapana. Mi nikalia. Nikamuambia, mama yangu ataliliwa mu giza, na bajomba banacheka? Na yeye hakuwezaga kuona machozi yangu."

Nikamwambia habari ya nyumba, ili ajue. Akauliza, "Papa Abedi iko na batoto?" Nikasema anao. "Na bibi yake anasimama kwa mulango ya kiwanda?" Nikasema kila asubuhi. Akajifunika uso kwa kitenge, nikaondoka.

Mama, huku mjane wa siku zile hatoki. Anakaa mkekani mpaka ukoo wa mume umfungue, akivuka kizingiti kabla ya hapo ni balaa. Kesho yake asubuhi Mama Godé alivuka. Peku, na nguo zake nyeusi, shangazi wanamfuata wanapiga mayowe, "Godé! Mufiwa hatoke! Unatuletea nini?" Hakugeuka. Walinzi walimpisha, nani angemgusa? Akamshika mkono mke wa Abedi pale getini, wakaingia pamoja mpaka kwa mkurugenzi. Nami nikafuata nyuma na ule waya.

Akasema akiwa amesimama: "Waya iko ya bwana yangu. Taa ilikuwa ya mama yangu. Mwenye kuiomba ni mimi. Papa Abedi hana kosa, mumufungulie."

Mkurugenzi akautazama waya muda mrefu. Nikasema, "Bwana mkurugenzi, parafudri zile tulizoomba zingekuwepo, umeme huu ungeishia ardhini." Akanijibu bila kuinua macho, "Issa, hiyo ni dossier nyingine." Dossier nyingine, yaani faili lingine! Mtu amezikwa! Nilitaka kusema maneno ambayo hukunilea niyaseme, Mama Godé akanigusa kiwiko, nikayameza.

Abedi alitoka siku ile ile. Hakwenda kwake kwanza. Alikuja uani kwa wafiwa, akakaa chini mchangani katikati ya wanawake, mtu mzima, akalia kwa sauti. Mama Godé na wenzake wakamzuia kwa mikono asijipige.

Mengine yalikuwa kama unavyoweza kudhani. Nyumba wakaambiwa waiache. Ndugu za Papa Losala wakasema matanga ya mkwe yamemla mtoto wao, na mjane aliyevuka kizingiti hawamtaki. Wakachukua redio, kitanda, suti ya marehemu, wakaenda zao. Simu yake tu ndiyo iliyobaki, kwa sababu Mama Godé alikuwa ameifunga kwenye pindo la kitenge. Akaamua kurudi kwao Yanonge, akalime mihogo kwa kaka yake, na watoto wale waliokuwa wanasoma vizuri, mama, vizuri kweli.

Niliwasindikiza mtoni. Baleinière imejaa magunia mpaka pembeni, watoto wakapata nafasi juu ya chumvi. Akanikabidhi ile sufuria yangu. Nikamwambia, "Mama Godé, kule mtandao ni wa shida. Lakini hata ukikosa la kusema..." Akanikatiza. "Najua, Issa. Nilikuwa nasikiaga akikugombeza." Injini ikawashwa. Alisimama ananitazama mpaka chombo kikazunguka, kisha akakaa, sikumwona tena.

Baada ya hapo, kimya. Wiki kwa wiki. Nabip, yule mwanamke wa kwenye mashine ananiambia nambari haipatikani. Nikaanza kuogopa, maana mto huu unazamisha vyombo na habari inafika baada ya mwezi. Nikauliza wanaoshuka Yangambi, wanaopanda kutoka Isangi, hakuna anayejua. Usiku nikilala nasikia sauti yake mwenyewe Papa Losala, sifuri iko maiti, sifuri iko maiti.

Parafudri zimekuja. Kisanduku kidogo, mama, zinaenea kiganjani. Nilizifunga mimi, Abedi ananishikia ngazi. Bomba tumelikagua, halina kitu zaidi ya nyaya zake mbili. Tundu la pili nimelitoboa ukutani mbali na lile, na nimefunga soketi upande wa kambi yenye ulinzi wake, ili matanga yakija watu wapate taa bila kuua mtu. Mkurugenzi aliuliza nani kanipa ruhusa. Niliendelea kukaza skrubu, na hakuuliza tena.

Hiyo ndiyo habari uliyoitaka. Nisalimie shangazi wa Mwanga, mwambie dawa yake ya mafua nimeimaliza. Nisalimie mjomba wa mitumbwi, na shemeji, na yule mtoto wa Tausi ambaye sijamwona, mbusuni kwenye mashavu kwa niaba yangu. Imamu naye mfikishieni salamu. Na mama, nakuomba, siku ukichinja kuku au ukipika cha kugawa, ugawe kidogo kwa jina la Losala. Najua hakuwa wetu. Mungu ndiye anayejua wa nani ni nani.

Nilikuwa sijui nitaanzaje barua hii, karatasi imekaa mezani siku nyingi ikinitazama. Leo asubuhi nikiwa navaa kanzu niende msikitini, simu ikaita mara moja, ikakatika. Nikatazama kioo. Kimeandika: Papa Losala. Nikakaa kitandani na kanzu nusu mwilini, mpaka nikakumbuka simu yake iko kwenye pindo la nani.

Sikupiga. Nililia kwanza, halafu nikabip mara moja, nikakata. Halafu nikakubip na wewe.

Niko hapa, mama. Sina kitu.

Mwanao,
Issa